Sambaza Bila Mafuta

Asubuhi ya Jumamosi, katikati ya msongamano wa soko la Nyawera, mwanaume mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri alimnyooshea Charlène kopo la kupulizia, akamuuliza kama lilikuwa la mafuta ya kupikia au la marashi. Charlène, fundi cherehani, alikuwa na kitenge cha manjano kilichomkaa vizuri. Akasoma maandishi, akacheka. Ni mafuta, akamwambia. Unapulizia kidogo tu kwenye kikaango.

Aliitwa Hugues, mwalimu wa hesabu. Walipeana namba, na kwa miezi mitatu simu zao hazikupoa.

Siku Charlène alipompikia kwa mara ya kwanza, sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilielea kwenye mafuta, na sombe ya majani ya muhogo ilikolea mafuta ya mawese. Hugues alionja mara mbili, akasukuma sahani. Akamwomba kwa upole siku nyingine atumie mafuta ya kupulizia. Charlène alipouliza sababu, alijibu ni hivyo tu.

Charlène akajitazama kwenye kioo cha wateja. Hugues amemwona mnene? Au kuna mwanamke anayempikia vizuri zaidi?

Wiki iliyofuata alipulizia. Sambaza ziling'ang'ania kikaango, zikaungua. Hugues akazila zote, akasifu. Hapo Charlène akachanganyikiwa kabisa: mtu gani anaacha chakula kizuri na kusifu kilichoungua? Akaacha kupokea simu zake.

Siku ya tisa alipiga mwenyewe.

"Hugues, kama uko na mwanamuke mwingine, sema."

"Hakuna mwingine. Ni moyo. Docteur alipima damu yangu, akakuta mafuta iko mingi. Papa yangu alikufa na ugonjwa ile ile, na miaka quarante et un. Niliogopa utanikimbia."

Charlène hakujua akasirike au alie. Alikaa chini, kati ya vipande vya vitambaa.

"Na zile sambaza za kuungua?"

"Nilikula juu ulipika wewe, chérie."

Hugues alikuwa na miaka thelathini na minane. Charlène akaanza kuhesabu miaka iliyobaki kufika arobaini na mmoja, umri aliokufa nao baba yake, kisha akakataa kuhesabu.

"Kuja dimanche, tukitoka kanisa," akasema. "Kuja na tonton yako, ndugu ya papa yako. Papa yangu atakuwa ku nyumba, wataongea mahari."