Kuunyoosha Mfarishi wa Tumu

Asubuhi mtaani Barani, Malindi, Mastura alikuwa akikaanga mahamri. Mumewe Saad, fundi wa kujenga nyumba, alikunywa chai yake haraka na kupanda baiskeli kwenda kazini. Binti yao Tumu alikuwa akifagia. Bi Shekha, mamake Mastura, aliketi barazani akichagua mchele.

Lakini siku hizo Tumu hakuweza kufagia ua wote. Katikati ya ua palikuwa na fremu kubwa ya mbao. Juu yake uliwambwa mfarishi, tandiko la kitanda lenye tabaka.

Ilikuwa mwaka 1985. Tumu alikuwa ameposwa na kijana wa Mambrui, na harusi ingekuwa mwezi wa Mfungo Tatu. Siku posa ilipokubaliwa, Bi Shekha alifungua sanduku lake. Alitoa kanga kuukuu za marehemu mama yake na za dada zake wawili, ambao nao walikuwa wamefariki.

"Kateni hizi mumshonee mjukuu wangu mfarishi," alisema. "Ataolewa mbali nasi. Nataka aende na hawa wote, mama yangu na dada zangu."

Mastura alikata vipande, akaviunga. Vipande vya kanga vilikuwa tabaka la juu. Katikati aliweka blanketi jepesi. Chini aliweka marikani, kitambaa kigumu cha pamba. Kazi iliyobaki ilikuwa kushona bandi, yaani kupitisha sindano katika tabaka zote tatu ili zishikane.

Saad alikuwa amemtengenezea ile fremu. Ilikuwa na miti miwili ya mviringo, mmoja mbele na mmoja nyuma. Sehemu iliyokwisha kushonwa iliviringishwa kwenye mti wa mbele. Sehemu mpya ilifunuliwa kutoka mti wa nyuma.

Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri. Kisha mistari ikaanza kupanda upande mmoja. Mastura akavuta kitambaa kwa nguvu. Mistari ikazidi kupinda. Akavuta tena. Siku alipoufunua mfarishi wote, pembe moja ilichomoza nje na pembe nyingine ilikuwa fupi. Upande wa chini, marikani ilikuwa imejikunja.

Bi Shekha aliacha mchele wake akaja kutazama.

"Mwanangu, umekwenda mrama huu," alisema kwa upole.

Mastura alishika mkasi, akauweka chini. 

"Nikifumua, kanga zitachanika, mama. Zimechakaa. Na kanga za watu waliofariki nitazipata wapi nyingine?"

Tumu aligeuka akashika ufagio. Hakutaka mama yake amwone akilia.

"Hodi!" sauti iliita mlangoni.

"Karibu!"

Aliingia jirani yao, Zipporah. Alikuwa mwenyeji wa bara, na alifundisha ushoni katika chama cha akina mama pale mtaani. Alikuja kurudisha sinia.

"Shikamoo, Bi Shekha."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Kisha Zipporah akauona mfarishi. Hakucheka. Aliinama, akagusa kipande kimoja cha kanga. "Hizi ni za zamani sana."

Mastura alimweleza habari yote. Zipporah alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Tumu, usivute tena," alisema. "Na usifumue bado. Kwanza tutazame fremu. Uko na uzi mrefu?"

Saad alikuwa ndiyo kwanza amerudi kula chakula cha mchana. Alimpa uzi wake wa kazi. Zipporah aliuvuta kutoka pembe moja ya fremu hadi pembe iliyo mkabala nayo, akaweka alama kwenye uzi. Kisha akaupima katika pembe mbili zilizobaki. Alama haikufika pembeni. Ilipungua kwa upana wa kiganja.

"Fremu yenyewe imeinama," alisema Zipporah. "Kitambaa kinafuata fremu. Kikilala juu ya kitu kilichoinama, nacho huinama."

Saad aliduwaa. "Subhanallah! Hivi ndivyo ninavyopima msingi wa nyumba. Uzi wa pembe kwa pembe ukilingana, nyumba iko sawa. Sikuwaza kwamba hata nguo yataka msingi!"

Alileta nyundo, akagonga fremu polepole. Zipporah alipima upya, akaweka alama mpya. Saad akagonga tena. Mara alama ikafika pembeni barabara. Wakaugeuza upande wa pili. Ukafika palepale.

 Ile fremu waliyoiona kila siku, sasa waliitazama kama wanaiona mara ya kwanza.

"Sasa tufumue," alisema Zipporah. "Lakini tusikokote uzi. Tukate kila mshono kidogo kidogo, kwa upande wa marikani. Kanga tusiiguse na mkasi."

Walifumua wanawake wote wanne, siku baada ya siku. Bi Shekha alitoa nyuzi kwa vidole vyake vyembamba, akipiga bismillahi kabla ya kila mstari. Hakikuchanika hata kipande.

Kisha Zipporah alichukua marikani mpya. Aliikata kidogo ukingoni, akashika pande mbili, akaichana. Praaa! Marikani ilichanika mstari mmoja ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho.

"Mkasi hufuata mkono," alisema. "Lakini kitambaa kikichanwa hufuata uzi wake wenyewe. Na marikani iwe kubwa kuliko kanga pande zote, ili tupate pa kushikia."

Tumu aliugusa ule ukingo. "Kumbe njia iliyonyooka ilikuwa humohumo ndani ya nguo!"

Walipiga pasi tabaka zote. Wakakunja kila kitambaa mara mbili, wakaweka alama ya chaki katikati. Katikati ya kila mti pia wakaweka alama.

"Katikati ikutane na katikati," Zipporah alifundisha. "Bana pini hapo kwanza. Kisha nenda kulia kidogo, na kushoto kidogo. Mimi nilikuwa nikianzia pembeni, na mifarishi yangu ya kwanza ilikuwa kama yako."

Mastura alibana, kisha akataka kukaza.

"Hapana, Mama Tumu. Usikiwambe kitambaa kama ngoma. Kitambaa kilichovutwa hurudi kikitoka kwenye fremu, ndipo hujikunja. Kiache kilale, bora tu kisiwe na mikunjo."

Mwisho alimwonyesha jambo kubwa kuliko yote. Kila walipoviringisha, walisimama kwanza. Walinyoosha uzi toka upande mmoja wa fremu hadi wa pili, wakatazama kama mstari wa vipande unaufuata. Walipima kingo mbili za kando. Kosa likiwa dogo, walilisawazisha kwa vidole. Halikupata nafasi ya kukua.

Mastura alishona. Siku nyingine alichoka akatamani kuruka kupima. Bi Shekha akamwambia, "Pima, mwanangu. Subira haijamwumiza mtu." Akapima.

Siku ya kuutoa mfarishi kwenye fremu, Saad hakwenda kazini. Waliukunja pembe kwa pembe. Pembe zote nne zikakutana kama kurasa za kitabu. Saad alizipapasa, akatikisa kichwa.

"Nimejenga kuta nyingi," alisema. "Ukuta ulionyooka hivi sijaujenga."

Tangu hapo akina mama wa mtaa walikuja kujifunza kwenye ile fremu. Zipporah na Mastura waliwafundisha pamoja. Waliowahi kutupa mifarishi iliyopinda walianza upya, na kila mmoja aliomba uzi kabla ya kuomba sindano.

Siku chache kabla ya harusi, mfarishi ulitandikwa kitandani. Pande zote ulining'inia sawasawa. Maua ya kanga yalipangana mstari kwa mstari, mekundu ya mama wa Bi Shekha, meusi ya dada yake mkubwa, ya njano ya dada yake mdogo. Wageni wa Mambrui waliingia wakizungumza, wakasimama wote mbele ya kitanda. Mmoja wao alivua viatu ingawa hakuambiwa.

Bi Shekha alisogea mpaka kitandani. Aliweka kiganja juu ya kanga ya mama yake, akakipeleka taratibu hadi kwenye za dada zake. Mkono haukukutana na mkunjo wowote.

"Wamekaa vizuri," alisema kwa sauti ndogo. "Wamekaa pamoja."

Kisha akamgeukia Mastura.

"Niacheni nao kidogo."

Wakatoka wote, na Tumu akaurudisha mlango.