Mwizi Aliyerekebisha Kiuno

Kilichoibwa ni kompyuta mpakato moja, ya kijivu, yenye kibandiko cha chura mgongoni. Maiti haikuwapo, jambo lililomhuzunisha kidogo Sajini, kwani alikuwa amebeba utepe wa kutosha kuzungushia maiti sita.

Inspekta alikataa kiti. Alisimama kwenye meza ya mapokezi, mguu wake wa kulia ukipigapiga boksi la madaftari lililokuwa chini yake. Mguu huo haukuwahi kutulia tangu apandishwe cheo.

"Tueleze upya," alimwambia mwenye mali.

Mwenye mali alikuwa mtaalamu wa programu, na watu walimwita Mwalimu. Kila Jumamosi asubuhi aliwafungulia ofisi watu asiowajua kabisa, waliotaka kuingia katika kazi za kompyuta. Nusu saa kila mmoja, bure. Aliwakosoa, aliwanoa kwa usaili, aliwaandikia barua za kuwatambulisha.

"Saa nne kamili nilikwenda barazani kupokea simu. Nikarudi, meza tupu. Na huyu bibie kasimama peke yake."

Bibie alikuwa fundi cherehani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Nilikwenda kunawa, afande. Nilirudi nikakuta hivyo hivyo."

"Wezi wote hunawa," alisema Sajini kwa uzito.

"Saa nane nina usaili!" Fundi alifoka. "Miaka miwili najifunza baada ya kushona. Nikilala kituoni, ajira imekwenda. Niibe kompyuta yenye kazi yangu mwenyewe, nina wazimu?"

"Kazi gani?"

"Programu ya kutunza vipimo vya wateja. Ila ina kosa. Kila mteja inampa kiuno cha aliyemtangulia."

Sajini alishika mkanda wake bila kujua.

"Nusu saa nzima tulilitafuta kosa hilo," Mwalimu alikiri. "Halikuonekana."

"Kuna nakala?"

"Ipo mtandaoni." Mwalimu alifungua simu. Akakunja uso. "Ajabu. Kosa limerekebishwa. Saa nne na dakika ishirini na tano. Kutoka kwenye kompyuta yangu ile ile."

Mguu wa Inspekta ulisimama. Sajini, aliyemfahamu miaka tisa, alishtuka.

"Saa nne na ishirini na tano huyu fundi alikuwa wapi?"

"Mbele yangu, afande," alisema Sajini. "Tangu nilipofika, saa nne na dakika kumi. Nilikuwa nikimchukua alama za vidole."

"Basi si yeye. Tunamtafuta mwizi aliyelijua kosa, anayelijua na neno la siri. Mwalimu, neno lako la siri ni nini?"

"Ni siri."

"Lakabu ya mama, sivyo?"

Mwalimu aliifunika simu kwa kiganja. "Umejuaje?"

"Kila mtu hufanya hivyo. Mama huyo kazaa wangapi?"

Macho ya Mwalimu yalikwenda kwenye meza ya mapokezi. Hapo alikaa mdogo wake wa kike, aliyeandikisha wageni wa kaka yake kila Jumamosi. Kati ya meza hiyo na chumba cha Mwalimu kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba kama karatasi.

"Dada, saa nne na ishirini na tano ulikuwa wapi?"

"Stoo. Nilipeleka hili boksi. Sajini alisema linamzuia njia."

"Ni kweli, afande," Sajini alisema kwa fahari. "Hata mlango nilimfungulia."

"Na ukalirudisha?"

"Nikalirudisha."

Inspekta aliinama. Akalifungua boksi alilokuwa akilipiga teke tangu afike. Chini ya madaftari, chura alimtazama.



"Sikutaka kuiuza," dada alisema taratibu. "Nilitaka tu kaka akae bure. Nusu saa moja, asiwe na cha kubonyeza, anigeukie. Mara nne nimejiandika kwenye daftari la wageni, afande. Mara nne kanifuta. 'Mpishe mgeni, wewe ni wa nyumbani.' Nimesomea nyuma ya mbao hizi. Hata hajui kama najua."

"Na kiuno? Ulikwishaificha kompyuta. Uliwasha ya nini?"

"Nililisikia kosa nusu saa nzima! Mstari mmoja tu, na wote wawili wanalipita. Lilinikera. Na huyu fundi ana usaili saa nane, kakosa nini?"

Sajini alitoa pingu, akamtazama mkubwa wake, akazirudisha.

"Mlalamikaji ni wewe," Inspekta alimwambia Mwalimu. "Jalada nifungue?"

Mwalimu alikuwa ameshika simu, akiusoma ule mstari mmoja. Akausoma tena.

"Hapana," alisema. Kisha akasogea mbele ya meza ya mapokezi, akasimama pale wanaposimama wageni. "Dada, una nafasi lini? Nusu saa tu."

Dada alifuta macho, akavuta daftari, akalipekua kwa makusudi, polepole.

"Jumamosi ijayo. Leo nimejaa."

"Umejazwa na nani?"

"Mimi," alisema fundi cherehani, akimshika dada mkono kumwinua. "Kwenye usaili wataniuliza nani alilipata kosa. Siwezi kuwadanganya. Twende ukawajibu mwenyewe."

Waliondoka mbio. Inspekta alitazama kiti kilichobaki wazi, akakaa. Mguu ukaanza upya.