Nyumba Moja, Wenyewe Watatu

Kalekye hushona sare za shule pale Ukunda, na sifa zake zimefika hadi Msambweni. Mtoto akirarua kaptura leo, kesho anaivaa tena na huoni palipotoboka. Mumewe, Kivuva, ni fundi wa stima katika hoteli za Diani. Ni mtu wa bidii na mpole, ila akikipenda kitu masikio yake huziba. Hilo mtaliona wenyewe.

Walitoka Makueni wakiwa vijana. Mwana wao, Muange, alizaliwa hapa Kwale, na Kiswahili chake ni cha pwani hasa. Akikutana na mkubwa husema shikamoo bila kukumbushwa, na mamake humtazama kwa fahari.

Shida yao ilikuwa nyumba. Kila walipozoea nyumba ya kupanga, waliambiwa wahame. Safari hii mwenye nyumba alitaka kuvigeuza vyumba vyake viwe vya wageni wanaokuja kuogelea.

"Mwisho wa mwezi ujao mniachie, jamani," alisema kwa haya. Hakuwa mtu mbaya. Nyumba ilikuwa yake.

Alipoondoka, Kalekye aliisimamisha cherehani.

"Baba Muange, mimi nimechoka kufunga virago. Sasa tununue nyumba yetu."

"Ndugu zangu watasema tununue Makueni."

"Makueni tutakaa siku gani? Kazi yako iko hapa. Wateja wangu wako hapa. Shule ya mtoto iko hapa. Akiba tuliyoweka sote wawili tumeipata hapa. Tununue hapa hapa."

Kivuva hakubisha. Siku chache baadaye dalali mmoja alimpeleka Bongwe kuona nyumba. Alirudi mbio, na viatu vimejaa vumbi.

"Mama Muange, hiyo nyumba iko sawa kabisa! Ukuta wa mawe, mabati mapya, uwanja mkubwa, minazi imejipanga. Majirani ni mchanganyiko. Kuna Wadigo, kuna Wakamba wenzetu, kuna Wataita na Waluo. Msikiti uko karibu, kanisa nalo si mbali. Mwenyewe ni Mzee Chirau, anahamia kwa binti yake Msambweni. Kesho kutwa tunalipa."

"Kesho kutwa? Umeuliza habari ya maji?"

"Nimekiona kisima."

"Umeyaonja maji?"

"Wewe nawe! Dalali amesema kuna mtu wa Nairobi anaitaka. Tukilala, imeenda."

Kila dalali ana mtu wake wa Nairobi, na mtu huyo haonekani hata siku moja. Kivuva hakulijua hilo. Kalekye naye hakulijua, lakini ni fundi cherehani, na fundi hapeleki mkasi kwenye kitambaa kabla ya kupima. Kesho yake alifunga duka mapema akaenda Bongwe peke yake. Hakumwambia dalali.

Alianzia kisimani. Palikuwa na akina mama wakichota maji, naye akawasalimu kwa adabu.

"Msalkheri, jamani. Samahani, nauliza. Haya maji wakati wa jua kali huwa na chumvi?"

Walicheka, wakafurahi kuulizwa. Mmoja alimpa kata anywe. Maji yalikuwa baridi na matamu.

"Kisima hiki hakiingii chumvi, alhamdulillahi," alisema yule mama. "Lakini masika ikinyesha sana, njia ile ya chini hujaa maji. Watoto hupitia juu, kwa kina Tsofa, jirani zetu. Mimi naitwa Twaiba, nakaa nyumba ile yenye mlango wa buluu. Unataka kuhamia kwetu?"

"Nataka kununua nyumba ya Mzee Chirau."

Twaiba alitaka kusema neno, lakini mara kukasikika kishindo. Nazi ilianguka uwanjani kwa Mzee Chirau, kisha ya pili. Kalekye alitazama juu. Kulikuwa na mwanamume kwenye mnazi, na panga mkononi.

Jamani! Kalekye alikwisha kuihesabu minazi ile kuwa yake. Alikimbia hadi chini ya mti akashika kiuno.

"Wewe! Shuka! Unaiba mchana kweupe?"

Yule mwanamume alishuka taratibu, akajipangusa mikono, akasalimu.

"Salaam aleikum, mama. Mimi ni Issa. Minazi hii ni yangu. Aliipanda babu yangu."

"Yako vipi? Nyumba si ya Mzee Chirau?"

Mzee Chirau alikuwa ametoka barazani. Alisikia yote, na alikuwa anacheka hadi kikohozi kikamshika.

"Mwanangu, usimwite Issa mwizi. Minazi ni yake kweli. Nyumba ndiyo yangu, niliijenga kwa mikono hii. Na ardhi ni ya Bi Mwanarusi."

Kalekye alimgeukia. "Mzee, mbona hukumwambia mume wangu?"

"Hakuniuliza, mwanangu. Hapa hata mtoto anajua. Nilidhani nanyi mwajua. Yule dalali hakuwaambia?"

Mzee alisema kweli, na sura yake ilionyesha kuwa ameumia. Huko alikotoka Kalekye, anayeuza nyumba huuza na shamba lililo chini yake na miti iliyo juu yake. Hakuna aliyefikiria kusema jambo ambalo kwake lilikuwa wazi. Na nusura akiba yote ya Kalekye na Kivuva ilipie kuta na mabati tu.

Kalekye alimpigia mumewe simu aje mara moja. Twaiba, yule mama wa kisimani, aliwakaribisha barazani kwake. Twaiba ni msaidizi wa sheria pale mtaani. Amefundishwa, na watu humwendea kwa mambo ya mirathi na ya ardhi.

"Basi huyu mzee ni tapeli!" alisema Kivuva, amekasirika.

"La, kaka yangu, usiseme hivyo," alijibu Twaiba. "Huu ni utaratibu wa zamani hapa pwani. Mtu hujenga kwenye ardhi ya mwenziwe, akamlipa kodi ya ardhi. Mwingine hupanda mnazi, na mti ukawa wake. Watu wameishi hivyo kwa wema. Mzee Chirau ana haki ya kuuza alichonacho."

"Kwa hivyo tununue au tusinunue?"

"Kwanza mjue mnanunua nini. Mkinunua nyumba tu, mtakuwa mnakaa kwenye ardhi ya mtu. Kesho akiuza, au warithi wake wakikataa, mtabaki na nyumba isiyo na pa kusimama. Mkitaka yote, basi kila mwenye kitu aitwe, na kila mmoja aweke sahihi."

Kivuva aliinamisha kichwa. "Na mimi nilitaka kulipa kesho."

"Kuuliza si ujinga," alisema Twaiba. "Twendeni kwa Bi Mwanarusi."

Bi Mwanarusi alikuwa anakuna nazi ukumbini. Ni mama mtu mzima, mwenye sauti isiyo na haraka.

"Shikamoo, Bi," walisema wote.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Nimesikia kuna mama amemshusha Issa mnazini." Alimtazama Kalekye, akatabasamu. "Niambie. Mwaja kukaa, au mwaja kununua mkauze kwa wenye hoteli?"

"Twaja kukaa, Bi," alisema Kalekye. "Tumehamishwa mara nyingi. Nataka mahali ambapo hapana mtu wa kuniambia toka."

Bi Mwanarusi aliiweka nazi chini. "Nakuelewa. Baba yangu alipofariki, kulikuwa na watu waliosema mwanamke ardhi ya nini. Mimi nikashikilia haki yangu. Tuligawana mirathi, na sehemu yangu ikaandikwa kwa jina langu. Hati ninayo. Lakini msiniamini kwa mdomo, hata mimi. Nendeni ofisi ya ardhi Kwale mkahakikishe."

Basi wakaenda. Walichukua nambari ya hati wakaomba upekuzi rasmi wa daftari la ardhi. Jibu lilionyesha kuwa mwenye ardhi ni Mwanarusi, na hakuna deni wala zuio juu yake. Mpima ardhi alikuja akayatafuta mawe ya mpaka. Moja lilikuwa limefunikwa na majani, na Issa ndiye aliyelifukua kwa panga lake. Kwa kuwa ardhi ile ni ya kilimo, waliomba pia idhini ya bodi ya ardhi ili wauziane.

Mambo hayo yalichukua muda. Kivuva alilalamika, kama kawaida yake. Kalekye alikwenda kwa mwenye nyumba wao, akamweleza yote, akamwomba awaongezee muda kidogo. Alikubali. Mtu akielezwa vizuri, mara nyingi huelewa.

Siku ya mkataba walikutana wote kwa wakili. Mzee Chirau aliuza nyumba, Bi Mwanarusi aliuza ardhi, na Issa aliuza minazi. Kila mmoja alitia sahihi mbele ya mwenziwe. Malipo yangepitia benki, ili pawe na ushahidi.

"Mnunuzi ni nani?" aliuliza wakili.

"Andika Kivuva," alijibu Kivuva haraka.

Bi Mwanarusi akakohoa.

"Na mkeo?" aliuliza.

Kivuva alikuna kichwa. "Bi, kwetu jina la mume linatosha. Mimi na yeye si ni kitu kimoja?"

"Kama ni kitu kimoja," alisema Kalekye, "basi niandikwe na mimi. Nimeshona miaka yote hii. Kama si mimi, nani angekushika mkono siku ya ile haraka yako?"

Issa aliangua kicheko. Kivuva naye alicheka, lakini macho yalikuwa chini. Aliona aibu, nayo ilikuwa aibu yenye faida.

"Kweli kabisa," alisema. "Wakili, andika wawili. Anza na Kalekye."

Sasa wanakaa Bongwe. Siku ya kuhamia, Twaiba na majirani walibeba meza, magodoro na cherehani, kila mmoja akitoa amri kwa lugha yake. Issa bado huja kukwea minazi, na hulipwa kwa kazi yake. Masika Muange hupita njia ya juu, kwa kina Tsofa. Kivuva ameweka taa nje ya mlango, na mwangaza wake hufika mpaka kisimani. Kalekye hufagia uwanja ule kila asubuhi. Nimemwona. Hufagia hata pasipo na jani, kwa sababu ni wake, na mimi simcheki.

Juzi yule dalali alifika na gari kubwa. Ndani mlikuwa na bwana mmoja mwenye miwani ya jua. Safari hii alikuwa na mteja wa kweli.

"Kivuva, ndugu yangu!" alisema dalali. "Huyu bwana ameipenda nyumba. Bei ni wewe useme. Leo hii tunamaliza."

Kivuva aliendelea kufunga waya wake.

"Nenda kamwulize mama pale kwenye cherehani," alijibu. "Jina lake liko kwenye hati. Bila sahihi yake hapa hapauzwi hata tofali."

Dalali alimgeukia Kalekye akitabasamu. Kalekye alikata uzi kwa meno, akaikunjua ile sare aliyokuwa akishona, akaikagua vizuri mbele na nyuma. Kisha akainuka akavuta viti viwili.

"Haiuzwi," alisema. "Lakini mmefika kwangu. Kaeni, niwaletee chai."