Kamba Iliyotoka na Kebo

Kamera ya uani kwa Bibi Velika ilizimika kila siku saa nne asubuhi, jua lilipofika ukutani, ikawaka tena jua lilipohama. Aliyegundua ni mwanawe Rumen, aliyeko Ujerumani, kwa sababu Rumen humtazama mama yake kwenye simu kama watu wanavyotazama hali ya hewa. Miaka minne hajakanyaga kijijini. Ukuta mpya wa ua aliujenga kwa kutuma maagizo, kamera akaagiza ifungwe juu yake, kisha akamwambia kila mtu kwamba mama yake yuko salama.

Basi alipompigia simu mpwa wake Zlatina, anayesoma sheria mjini Plovdiv na kufunga kamera wakati wa likizo, Zlatina hakukosa la kusema.

"Itakuwa plagi ya kebo imeharibika, mjomba. Nitaitengeneza. Ila kama shida yako ni kumwona mama, ndege zipo."

"Usinianzie, Zlatina. Mimi namwona kila siku."

"Hata mlinzi wa duka anawaona wateja kila siku."

Rumen akacheka. Huwa anacheka akishindwa.

Zlatina alimkuta bibi yake amekaa uani kwenye kiti, amejifunika shali ya sufu katikati ya Julai. Alishtuka. Pasaka tu bibi huyu alikuwa akibeba kuni mwenyewe na kumfokea anayetaka kumsaidia. Leo mikono yake ilikuwa imekonda, na alipombusu, shavu lilikuwa baridi kama sahani.

"Umekula, bibi?"

"Nimekula. Ni umri tu. Panda ngazi yako ufanye kazi, na usivunjike mguu kabla hujaolewa."

"Nikivunjika ndiyo nitapata kisingizio."

Bibi alitabasamu, akaja kushika ngazi. Zlatina alitundika simu kwenye kidato, Rumen akiwa hewani ili aseme picha ikirudi, akapanda. Huko juu kulinuka chokaa mbichi. Ukuta ulikuwa na zaidi ya mwezi tangu ujengwe na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki sita, lakini alipofungua kikasha nyuma ya kamera, maji yalimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kiulimi cha plagi kilikuwa kimekatika, na meno yake ya shaba yameota kutu ya kijani.

"Imeoza kabisa," alisema. "Nakata, naweka mpya."

Akakata. Kebo ikawa fupi kwa kama shibiri moja, kwa hiyo akaivuta kutoka kwenye tundu la ukuta apate urefu wa kufanyia kazi. Ilikuja kwa shida. Ilipokuja, ilikuja na kamba ya sufu, nyekundu, imelowa, imejizungusha kwenye kebo, na ncha zake zote mbili zimefungwa fundo.

Ngazi ikatikisika. Bibi alikuwa ameiachia.

"Irudishe," alisema kwa sauti ndogo. "Zlatina, mjukuu wangu, irudishe ilikokuwa."

Milimani kule hakuna mtoto asiyejua kamba hiyo ni ya nini. Ukuta ukikataa kusimama, fundi hupima kivuli cha mtu kwa kamba, kisha huizika kamba hiyo ndani ya ukuta. Ukuta husimama. Mwenye kivuli hafikishi siku arobaini na moja, na baada ya hapo yeye ndiye jini la ukuta ule, talasam, analinda mali ya wengine mpaka jiwe la mwisho lianguke.

Zlatina alishuka vidato viwili, akaisogelea simu. "Mjomba. Fundi alipima kivuli cha nani?"

"Ah, yule mzee. Alisema ukuta umeanguka mara mbili, anataka kivuli. Nikamwambia apime anachotaka. Ni ushirikina tu, we msomi mzima."

"Apime anachotaka. Na nani mwingine aliyekuwepo uani, mjomba, isipokuwa mama yako?"

"Maliza kazi, Zlatina."

Akapanda tena, kamba imening'inia mkononi, akaimaliza kweli, si kwa kumtii. Alitaka ushahidi, alizoea kushinda kwa ushahidi. Akamenya ganda la kebo, akazinyoosha nyaya nane, chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia, akazikata sawasawa, akazisukuma ndani ya plagi mpya na kuibana kwa koleo mpaka ikalia. Akaichomeka. Taa ndogo ya kamera ikawaka.

"Picha imerudi," alisema Rumen. Kisha sauti yake ikashuka. "Nani huyo nyuma ya mama?"

Zlatina akageuka. Bibi alikuwa amerudi kitini. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Hakuna mtu, mjomba."

"Yupo. Amefunga kitambaa kama cha mama. Amekupa mgongo, anaupapasa ukuta, kama anatafuta kitu."

Zlatina akatazama chini, kwenye mawe yaliyomulikwa na jua la saa nne. Kiti kilikuwa na kivuli, miguu minne na mgongo. Aliyekikalia hakuwa nacho. Na hapo ndipo alipozisikia ndara, ndara za bibi yake anazozijua tangu utotoni, zikiburuzika taratibu, si uani bali ndani ya ukuta, zikipanda kutoka kwenye msingi jiwe kwa jiwe, na harufu ya chokaa ikizidi kuwa nzito kiasi cha kuuma kooni, mpaka zikasimama upande wa pili wa tundu lile, karibu na sikio lake, na kitu kikaidaka ncha ya kamba iliyokuwa mkononi mwake, kikaanza kuivuta ndani ya tundu, polepole, kama mzee anayevuta uzi wa kufuma.

"Mpe," bibi alinong'ona. "Kesho ni siku ya arobaini, nimezihesabu. Ukimnyima, hatarudi mikono mitupu. Atamfuata aliyemruhusu fundi."

"Mjomba ndiye aliyeruhusu."

"Ndiyo. Na ni mwanangu."

Zlatina aliishika kamba kwa mikono miwili. "Umesikia, mjomba? Nikiiachia, mama yako anakufa kesho. Nikiizuia, linakuja kwako. Wewe ndiye mwenye ukuta. Sema."

"Kwani lazima niseme mimi?"

"Si ni ushirikina tu? Basi sema lije kwako. Itakugharimu nini?"

Rumen hakucheka safari hii. Walisikia mtoto wake akiuliza kitu kwa Kijerumani.

"Zlatina," alisema mwishowe, kwa upole kabisa, "mama ana miaka themanini na moja."

Bibi Velika aliyasikia. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei ya haki sokoni, na kukubali huko ndiko kulikomchoma Zlatina kuliko maneno yenyewe. Akachukua koleo, akaikata kamba. Akaikata tena, na tena, mpaka vikabaki vipande visivyoshikika, na ukuta ukatoa pumzi moja ndefu ya baridi, kisha kimya. Chini ya kiti, kivuli cha kikongwe kilitambaa kutoka ukutani kikarudi miguuni pake.

Rangi ilimrudia bibi usoni. Hakushukuru. "Umemfanya nini mwanangu?" aliuliza.

Siku ya nane tangu kamba ikatwe, gari lenye namba za Ujerumani likasimama nje. Rumen alishuka peke yake. Alikuwa ameendesha siku mbili bila kulala. Alisema huko kwake hawezi tena kulala, bila kueleza kwa nini. Amekonda, amevaa koti juani.

"Mama."

Bibi alimwendea mbio kwa kadiri ya miguu yake, akamkumbatia pale pale uani. Zlatina alikuwa mlangoni na sinia ya kahawa. Alitazama chini kabla ya kuwatazama nyuso. Watu wawili walikuwa wamekumbatiana juu ya mawe, na kivuli kilikuwa kimoja, kifupi, cha kike.

Bibi naye aliona. Alimwachia mwanawe taratibu, akamzunguka, akasimama upande wa jua, akiinyanyua shali yake kwa mikono miwili ili kivuli chake kitanuke na kuangukia pale ambapo cha mwanawe kilipaswa kuwa.