Kuba la Bi Harusi

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa haradali. Saa moja asubuhi, kwenye benchi kando ya gulio la vitu vikuukuu, Roselyne alimwambia shemeji yake Firmin kwamba ana haradali kwenye sharubu, na Firmin akafuta upande ambao haukuwa nayo.

"Upande wa pili. Mungu wangu, watu watadhani nimekuja na mtoto."

"Wadhani."

"Ningekuweka pale mezani nikubandike bei kwenye paji la uso. Ila nani atakununua? Huna hata muhuri wa fundi."

Alicheka peke yake. Firmin alimaliza mkate wake na soseji, akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Hakuhisi ladha, lakini hilo halikuwa jipya. Ilikuwa miezi kumi na minne tangu Ghislaine afariki, mkewe Firmin, dada wa Roselyne, na tangu hapo chakula kilikuwa kitu cha kumalizwa.

Kila Julai walikuwa wakizunguka watatu kwenye magulio ya mkoa wa Berry, Ufaransa: Ghislaine akitafuta sahani, Roselyne vifungo, Firmin vyombo vya kupimia, kwa kuwa alikuwa mpima ardhi hadi alipostaafu. Mwaka jana hawakuja; mwaka huu walikuja wawili. Walikodi nyumba ile ile ya mawe, kwa wiki mbili zile zile. Roselyne ndiye aliyesema waje. Firmin hakukataa, kukataa kungehitaji nguvu.

Kuba lilikuwa mwishoni mwa meza ya Norbert, mchuuzi waliyemfahamu kwa miaka mingi, katikati ya pasi za chuma na sanduku la funguo zisizo na milango. Lilikuwa la kioo, juu ya kitako cha mbao nyeusi, na ndani yake kulikuwa na kimto cha mahameli nyekundu na taji la maua ya mchungwa yaliyotengenezwa kwa nta. Bibi wa kila nyumba pande hizi aliwahi kuwa nalo. Taji la harusi liliwekwa humo siku ile ile ya ndoa, likazungushiwa vioo vidogo vya kujitazamia, kila kioo mtoto mmoja aliyetamaniwa. Firmin alihesabu vioo tisa.

Kioo cha kuba kilikuwa na ukungu. Asubuhi hiyo kila kitu mezani kilikuwa na umande, kwa hiyo alipitisha kidole gumba. Ukungu haukufutika. Ulikuwa upande wa ndani.

"Habari za asubuhi, mzee!" Norbert alisema, bilauri ya mvinyo mkononi. "Na mama yuko wapi? Keshazama kwenye sahani?"

Roselyne alimtikisia kichwa. Norbert aliweka bilauri chini.

"Sikupata habari. Pole, mzee wangu."

"Asante. Kuba bei gani?"

"Mia na ishirini."

"Lina ukungu."

"Ndiyo maana si mia mbili."

Walikubaliana themanini. Norbert alilifunga kwa magazeti polepole kuliko kawaida yake. "Ila nikwambie. Nilipokwenda kuhamisha vyombo vya nyumba lilikotoka, binti wa mwenye nyumba aliniomba lisifunguliwe. Babu yao alifiwa na mke, akalifunga mwenyewe kwa nta. Angalia hapa chini."

"Aliweka nini ndani?"

"Nitajuaje? Halijafunguliwa."

Hakuna mtafuta vitu vya kale anayeweza kukaa na kitu bila kukipindua. Muhuri, msumari, gundi, vyote viko chini, na asiyepindua hudanganywa. Firmin alikuwa amepindua vitu kwa miaka thelathini. Mchana huo, madirisha ya mbao yakiwa yamefungwa kuzuia joto, alikata nta kwa kisu kidogo na kunyanyua kioo.

Harufu ya maua ya mchungwa ilimfikia kwanza. Nyuma yake ilikuja nyingine, ya sufu iliyolowa na kukaushiwa chumbani. Katikati ya taji, kimto kilikuwa na kibonde, kama kitu kilikuwa kimelala hapo muda mrefu. Hakukuwa na kitu. Alikipima kwa tepu yake: sentimita kumi na tatu kwa nne.

Mfukoni mwa shati alikuwa na miwani ya Ghislaine, kitu cha mwisho mkewe alichokishika. Aliikunja, akaipima. Kumi na tatu kwa nne. Aliilaza pale na kurudisha kioo. Hakujiuliza kwa nini.

"Hujambo, bwana," sauti ya mwanamke ilisema kutoka jikoni.

"Sijambo, mama," Firmin akajibu.

Alijibu kabla hajafikiri. Mtu asiyejibu salamu katika nchi hiyo huonekana hakulelewa. Hata asubuhi ile hospitalini, mfagiaji alipomsalimu kwenye ujia dakika tatu baada ya kifo, Firmin alijibu, akamtakia siku njema.

Roselyne aliingia kwa mlango wa uani na bakuli la njegere. "Unaongea na nani?"

"Si wewe umenisalimu?"

"Mimi? Tulisalimiana saa kumi na moja asubuhi. Nikikusalimu mara mbili siku moja, jua nimeanza kuchanganyikiwa, unipeleke kwa daktari."

Siku ya pili, saa za kulala mchana, kijiko kilizunguka ndani ya bakuli la kahawa jikoni, taratibu, kama cha mtu asiye na haraka. Siku ya tatu zilisikika ndara zikiburuzwa, kutoka jikoni hadi kwenye ngazi. Siku ya nne ndara zilipanda. Firmin alikuwa amelala chali, mikono kifuani, na kitanda kikabonyea upande wa kushoto, wa mkewe, ambao haukuwa umebonyea kwa miezi kumi na minne. Hakugeuka. Hakuogopa pia, na baadaye alilikumbuka hilo kama mtu anayekumbuka kwamba aliacha jiko likiwaka. Ilinukia maua ya mchungwa. Alilala usingizi mzuri.

Mezani usiku huo Roselyne alicheka ghafla. "Unakumbuka kile kiti kule Amboise? Ghislaine alivyokaa kikapasuka, na mwenye kiti anamwambia, mama, hicho ni cha karne ya kumi na nane? Naye akajibu akiwa chini: basi kilinisubiri sana!"

Firmin alikikumbuka kiti. Mti wa mwaloni, miguu ya kuchongwa, ufa ulioanzia kwenye tundu la msumari. Mahali ambapo mkewe angekuwa, sakafuni, hapakuwa na mtu.

"Alicheka vipi?" aliuliza.

"Nani?"

"Ghislaine. Alipocheka. Ilisikikaje?"

Roselyne aliweka uma chini. Firmin alitoa picha kwenye pochi na kuitazama. Aliona mwanamke wa makamo aliyevaa koti la bluu. Aliyajua majina yake yote na tarehe zake zote. Alichokumbuka, na kwa uwazi uliomshangaza, ni harusi ya majira ya baridi, barafu kwenye ngazi za kanisa, na mkono mdogo mkavu uliokuwa baridi ndani ya wake.

"Tulioana Januari," alisema.

"Mlioana Juni, shemeji. Nilishika maua. Nilitokwa jasho mpaka gauni likabadilika rangi."

"Nipe chumvi. Weka kidogo tu, Zélie hapendi chumvi."

Roselyne hakumpa. Alizungumza kwa sauti ndogo sana. "Zélie ni nani?"

Juu ya vichwa vyao, chumbani kwa Firmin, mtu alivuta kiti, akaketi.

Alhamisi walimkuta Norbert kwenye gulio jingine, akipakua gari. Hakungoja wamalize kueleza.

"Mlifungua."

"Alifungua," Roselyne alisema.

"Nilisema! Nilisema au sikusema? Mzee mzima, nimekuonyesha nta kwa kidole!" Kisha akaona uso wa Firmin, akashusha sauti. "Nendeni kwa Bi Pasquet, njia ya kinu. Yule anayepuliza watu walioungua moto wakapona. Hapokei malipo. Semeni nimewatuma."

Roselyne aliendesha. Kuba lilikuwa mapajani mwa Firmin, ndani ya taulo, na lilikuwa na joto kama paka.

Bi Pasquet alikuwa akipanga jibini za mbuzi jikoni kwake. Aliwatazama mara moja tu.

"Wekeni mezani. Si hapo, hapo ni pa jibini. Aliyejibu salamu ni nani?"

"Mimi," Firmin alisema.

"Mtu wa adabu. Huwa ni wenye adabu. Wakorofi hawanipi kazi hata kidogo." Alifuta mikono kwenye aproni. "Kimejiita nani?"

"Zélie," Roselyne alisema. "Ni yule bi harusi?"

"Bi harusi alikuwa na jina lake, na mumewe alikufa bila kulijua. Hiki hakikuwahi kuwa mtu. Kilimkuta yule babu na huzuni yake, kikamla mkewe kichwani, siku moja moja, mpaka kikakaa mahali pake. Alipozinduka akakifungia humo. Alitaka aweke humo na kitu cha mkewe, akakaa akifikiri kitu gani. Hakukipata. Kichwani hakikuwa kimebaki."

"Kilicholiwa kinarudi?" Firmin aliuliza.

"Hapana."

"Basi mimi nimebaki na nini?"

Bi Pasquet alifunga mlango, ingawa ilikuwa saa sita mchana na mbuzi walikuwa wakilia uani. "Kitakusalimu. Usijibu. Si kwa mdomo, si kwa kichwa, si kwa jicho. Ukikaa kimya, kitakuwa hakina mwenyeji."

Alinyanyua kioo, akainamisha uso juu ya taji, akaanza kupuliza na kunong'ona maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, na harufu ya maua ikajaa jikoni hadi ikashinda ya jibini, na nyuma yake ile ya sufu mbichi, nzito, ikikaa kooni, na katika vile vioo tisa, ambavyo vilipaswa kuonyesha dari na uso wa kikongwe, Firmin aliona vipande vya mtu aliyekuwa amesimama nyuma yake, kipande cha shingo, kipande cha mdomo, jino moja, mdomo tena, kila kioo na sehemu yake, hakuna kilichotosha kuwa uso, na vipande vyote vikasogea kwa pamoja kama mtu anayeinama sikioni mwa mwenzake, na pumzi ikamgusa, haikuwa na joto wala baridi, ikasema, "Hujambo, Firmin wangu?"

Hakuitambua sauti. Aliitambua usoni mwa Roselyne, ambaye alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yakipita katikati ya vidole. Kwa hiyo alijua kwamba ndiyo hiyo, sauti ya Ghislaine, kama alivyokuwa akiwaita asubuhi.

"Firmin? Hujambo?"

Alitazama jibini. Alizihesabu. Zilikuwa kumi na saba. Alizihesabu tena, na sauti ikauliza mara ya tatu, kwa upole, kama mtu anayedhani hajasikika, na alipofika ya kumi na saba jikoni kulikuwa kimya, kukinukia maziwa.

Ukungu ulikuwa umekauka. Bi Pasquet alimrudishia miwani, jasho likimtiririka.

"Sasa tokeni. Msiniage. Na msinishukuru, mnasikia? Asante inaifuta kazi yote. Mwenye kuitoa anakiita kirudi."

Walitoka bila neno. Roselyne alipofika kwenye gari alifuta uso kabla ya kuwasha. "Nimemsikia," alisema. "Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake, shemeji. Mungu anisamehe, nimefurahi."

Jioni hiyo aliweka picha ya dada yake mezani, kando ya mkate. "Niambie jambo moja tu. Lolote."

Firmin aliitazama. Harusi ya Januari ilikuwa imeondoka, barafu na ngazi na ule mkono mkavu. Alitafuta ya Juni mahali pake. Ilikuwa kama kutazama ukuta mahali ambapo kabati lilihamishwa.

"Alivaa miwani," alisema.

Roselyne aliondoa sahani. Nyumba haikutoa sauti. Firmin alilala katikati ya kitanda, kwa kuwa hakukuwa na sababu ya kulala upande wowote, na alisikiliza hadi ndege walipoanza.

Asubuhi alinyoa, akavaa shati safi, akachukua funguo za gari bila kumwamsha shemeji yake. Njia ya kinu ilikuwa na kilomita ishirini na mbili. Bi Pasquet alikuwa uani akikamua. Alimwona akisimama langoni na kuvua kofia, akaacha chuchu za mbuzi, akanyanyua mkono kumzuia.

"Nimekuja kukushukuru, mama," Firmin alisema. "Asante sana."

Kikongwe alishusha mkono. Aligeuza kigoda chake, akampa mgongo, akaendelea kukamua.

Firmin alirudi garini na kuwasha injini. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, na kengele ndogo ikaanza kulia, ile inayolia abiria wa mbele akiwa hajafunga mkanda. Alingoja kidogo, mikono kwenye usukani. Kisha akajinyoosha hadi kiti cha pili, akauvuta mkanda, akaulegeza kidogo ili usibane, akaufunga.