Cheti cha Fundi Shaibu

Kila alasiri akirudi shuleni, Sikuzani alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kumenya muhogo, na kumsomea baba yake karatasi. Kazi mbili za kwanza alizifanya kwa kununa. Ya tatu aliipenda, maana ilimfanya ajione mtu mkubwa, ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Baba yake, Shaibu bin Awadhi, alikuwa fundi wa matrekta hapo Nachingwea. Aliweza kufungua injini nzima, akatandaza vipande vyake juu ya turubai, kisha akavirudisha kimoja kimoja bila kukosea. Lakini kusoma hakujua hata herufi moja. Mwaka ule wa 1951 kazi kubwa ya Wazungu ya kulima karanga kwa matrekta ilikuwa imekwisha. Wenyewe walikuwa wakifunga mizigo, matrekta yamepangwa mistari mistari yakiota kutu, na mafundi wengi wakirudi vijijini kushika jembe. Shaibu naye alikuwa na mikorosho yake kijijini Lionja, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vyuma.

Ndipo ikaja habari kwamba kampuni moja ya migodi ya shaba, huko Rodesia ya Kaskazini, inatafuta mafundi wa mashine. Aliyetaka kwenda alipaswa kuomba ruhusa ya kuingia nchi ile kama fundi, na maombi yafike Lindi kabla mwezi haujaisha. Zilitakiwa picha mbili, cheti cha daktari, barua ya msimamizi wa kazi, na cheti cha mahali alipojifunza ufundi. Shaibu alihangaikia karatasi hizo wiki mbili. Kwa daktari alikwenda kwa miguu mpaka Mnero. Picha alipiga akiwa amevaa koti la kuazima, shingo ameikaza kama mtu aliyekwamwa na mfupa. Zote alizitia ndani ya kopo la biskuti.

"Kati ya hizi zote, mama yao ni hii," alimwambia Sikuzani, akiinua cheti chenye muhuri wa zambarau. Kilitoka katika karakana ya shamba moja la mkonge karibu na Lindi. Kwa kuwa hakujua kusoma, alikitambua kwa muhuri wake. "Bila hii, mimi ni mtu wa kusema tu kwamba najua kazi. Na kusema, mwanangu, kila mtu anaweza. Basi kopo hili usilifungue mimi sipo."

Katika cheti hicho palikuwa na jina lililomshangaza Sikuzani siku aliyokisoma mara ya kwanza: Likoswe bin Awadhi. Likoswe, kwa lugha ya nyumbani kwao, ni panya. Alitaka kucheka, lakini alipomtazama baba yake akakimeza kicheko.

"Ndilo jina nililoingia nalo karakana," baba alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa mtoto bado, sijaenda jandoni."

Sikuzani alielewa. Kwao mvulana akitoka jandoni huliacha jina la utotoni huko huko, akarudi nyumbani na jina jipya. Kumwita mtu mzima kwa jina lile la zamani ni kumtukana, na mtoto kumtamkia baba yake ni aibu isiyo na mfano. Daftari la karakana, bahati mbaya, halikwenda jandoni. Liliendelea kuandika Likoswe miaka kumi na miwili.

Jumanne moja Sikuzani alikuwa peke yake nyumbani. Mama yake, Mwamina, alikuwa shambani, na baba alikwenda kumsaidia jirani. Sikuzani alikuwa akila muhogo wa kuchemsha kwa mafuta ya ufuta. Akakumbuka ile picha ya baba yenye koti, akatamani kuitazama tena na kucheka kidogo. Akalifungua kopo, akapanga karatasi mkekani. Alipogeuka kuchukua kipande kingine cha muhogo, kiwiko chake kikapiga bakuli, na mafuta yakamwagikia cheti cha karakana.

Kwa akili yake, kitu chenye mafuta huoshwa. Akachukua sabuni na maji, akasugua. Wino ukakimbia, muhuri ukawa doa, na karatasi ikalainika, ikakatika vipande vinne mikononi mwake. Sikuzani alikaa chini akalia. Hapo ndipo alipopaswa kunyanyuka kumfuata baba yake. Badala yake alifuta machozi, akaenda kutafuta karatasi safi.

Darasani hakuna aliyekuwa na mwandiko mzuri kumshinda, na siku ile sifa hiyo ilimponza. Aliunganisha vile vipande, akanakili herufi kwa herufi maneno ya Kiingereza ambayo mengi hakuyajua. Akaiga hata sahihi. Kwa muhuri alitumia penseli ya wino, ile ambayo ukiilowanisha kwa ulimi huandika zambarau, akauzungusha mviringo kwenye kitako cha kikombe. Alipofika kwenye jina, mkono ukakataa. Yeye, binti, aandike kwa mkono wake kwamba baba yake ni Likoswe? Akaandika Shaibu bin Awadhi, na akajiona amefanya jambo la heshima. Vile vipande alivifunga kwenye kitambaa akavificha nyuma ya kinu.

Mama aliporudi alimtazama, akauliza, "Ulimi wako una nini, mbona wa zambarau?"

"Nimekula matunda ya porini, mama."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na siku ilikuwa bado haijaisha. Jioni baba alilifungua kopo, akahesabu karatasi zake kwa kidole. Aliuona muhuri wa zambarau, akatabasamu, akafunga. Tabasamu lile lilimchoma Sikuzani kuliko fimbo. Chakula cha usiku kilimshinda.

Alhamisi akafika Babu Jumaa kutoka Ruangwa. Alikuwa baba mdogo wa Shaibu, mzee mfupi mwenye maneno machache, na alikuwa ametembea siku mbili na mguu wake mbovu uliofungwa kitambaa.

"Baba mdogo, umeteseka sana kwa ajili yangu," Shaibu alimwambia.

"Ningekaaje, mwanangu? Si wewe uliniita?"

Shaibu akamweleza mkewe. Karani wa Boma alikuwa amesema kwamba majina mawili yataleta matata. Lazima mtu aliyekuwapo jandoni aape mbele ya Liwali kwamba Likoswe wa kwenye cheti na Shaibu wa leo ni mtu mmoja. Kiapo hicho kingeandikwa na kuambatanishwa na maombi.

Sikuzani alikuwa ameinama anamwosha babu miguu. Aliposikia maneno hayo, akaacha kuosha. Likoswe wa kwenye cheti! Kwenye cheti hakukuwa na Likoswe tena. Yeye alikuwa amemwondoa.

"Babu," alianza.

"Naam, mjukuu wangu?"

Alimtazama mzee, akautazama ule mguu uliovimba. "Maji... maji si ya moto sana?"

"Mazuri, mama. Mungu akubariki."

Baraka ile ilimwelemea. Usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande, na kulipokucha alitamani awe mgonjwa. Lakini baba alikuwa amekwisha kumwombea ruhusa kwa mwalimu ili awafuate Boma na kuwasomea.

Babu Jumaa aliapa mbele ya Liwali, akatia dole gumba kwenye karatasi. Kisha wakaingia kwa karani, Bwana Saadi, mtu wa miwani na maneno ya taratibu. Bwana Saadi alikisoma kiapo, akakiweka upande mmoja. Akafungua kopo, akatoa picha, cheti cha daktari, na barua ya msimamizi. Mwisho akatoa cheti cha karakana. Alikisoma mara moja. Akakisoma tena. Akavua miwani.

"Mzee," alimwambia Babu Jumaa, "umeapa kwamba cheti hiki kina jina Likoswe. Hapa pameandikwa Shaibu. Jina uliloliapia halimo kabisa."

Babu alibabaika. "Limo, bwana. Mimi sijui kusoma, lakini hata mwanangu huyu amesema limo."

"Kiapo cha uongo ni kosa kubwa, mzee. Unajua watu hufungwa?"

Shaibu alikuwa akitazama muhuri wa zambarau, haelewi. "Labda nimezeeka," babu alisema polepole. "Labda nimesahau mimi."

Sikuzani hakuweza kuvumilia tena. Alijua kwamba akinyamaza, lawama itamkalia mzee aliyetembea siku mbili kwa mguu mbovu. Akapiga magoti pale pale sakafuni.

"Babu hajasahau! Ni mimi. Nilikimwagia mafuta cheti cha baba, nikakiosha, kikakatika. Hiki nimekiandika mimi."

Baba yake alimtazama kama mtu asiyemfahamu, na hilo ndilo lililomuuma kupita yote.

"Na jina?" Bwana Saadi aliuliza.

"Niliona aibu kuliandika."

Bwana Saadi alikishika kile cheti cha uongo, akakichana. "Binti, karatasi zenye mafuta huletwa hapa kila siku. Ningekipokea na doa lake, nikaandika pembeni kwamba ni mafuta ya ufuta. Lakini hiki kingefika Lindi, baba yako angeitwa mtu wa kughushi, na nchi ile asingeingia maisha yake. Vipande viko wapi?"

Sikuzani alitoka mbio mpaka nyumbani, akarudi anahema, kitambaa mkononi. Katika kipande kimoja namba ya daftari ilikuwa bado inasomeka. Bwana Saadi akamsogezea kalamu na karatasi. "Sasa waandikie barua watu wa karakana. Waambie ukweli wote, uwaombe watoe nakala. Mimi nitatia sahihi chini yako."

Aliandika kwa Kiswahili, polepole. Alipofika kwenye jina alisimama, akainua macho kwa baba yake. Shaibu aligeuka akatazama dirishani. Babu Jumaa ndiye aliyesema, "Andika, mjukuu wangu. Barazani lingekuwa tusi. Hapa ni kweli."

Akaandika: Likoswe bin Awadhi. Kisha akamwangukia babu miguuni kumwomba radhi. Mzee alimwinua, akasema tu, "Njia ya mwongo ni fupi. Nashukuru umeiacha kabla haijafika mwisho."

Jibu la karakana lilikuja baada ya wiki tano, na nakala safi ndani yake. Lakini mwezi ulikuwa umekwisha. Mafundi wa kundi la kwanza waliondoka kwa gari moshi bila Shaibu, naye akashika jembe Lionja msimu mzima. Hakumpiga Sikuzani wala hakulitaja jambo lile. Kila alipomwona anapalilia, na mikono yake iliyozoea vyuma ikipasuka kwa mpini, Sikuzani alijua ni kwa sababu yake.

Ruhusa ilitoka mvua zilipokwisha, pamoja na kundi la pili. Asubuhi ya safari baba alimwita kando.

"Sikuzani, umenichelewesha miezi sita. Hiyo nimekusamehe, maana mafuta yangeweza kumwagwa hata na mimi. Lakini sikiliza. Fundi akiharibu injini, akafunika na kunyamaza, mwenye gari atakwama porini na watoto wake. Akisema 'nimeharibu mimi' siku ile ile, kazi ni ya nusu saa. Wewe ulinyamaza siku tatu, na siku hizo tatu karibu zimfunge babu yako. Ukikosea, mwanangu, sema kosa likiwa bado dogo."

"Nimesikia, baba."

"Una jingine la kuniambia kabla sijaondoka?"

Sikuzani alifikiri kweli kweli, akajitafuta moyoni. "Sina, baba," alisema, na safari hii alimtazama usoni.