Usiku wa Ijumaa

Kila siku Mwatima alirudi skuli, akala, akaosha vyombo, kisha akaenda chuoni kusoma Kurani. Akirudi, macho yake yalitafuta simu ya dada yake, Faiza. Alikatazwa kuigusa, lakini Faiza akianza kusali tu, Mwatima huyo, kwenye mchezo wa magari.

Faiza alisoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa michezo, yaani namna ya kuendesha klabu na mashindano. Masomo ya darasani yalikwisha. Yalibaki mafunzo kwa vitendo katika klabu, na bila ya hayo asingehitimu mwaka huu. Alizunguka klabu za Unguja mpaka visigino vya viatu vikalika. Mwisho klabu moja ya netiboli, yenye ofisi Kiponda, ilimwambia asubiri simu.

Simu ililia Jumatano, Faiza yuko kwenye msala anasali. Mwatima akapokea.

"Mimi Msabah, meneja wa klabu. Mwambie Faiza aje usiku wa Ijumaa, baada ya Isha, tugawane kazi. Asikose, nafasi ni moja tu."

"Sawa, ntamwambia," alijibu Mwatima, akili yake iko kwenye magari.

Faiza alipomaliza kusali, Mwatima alimwambia, "Bwana Msabah kapiga. Uende Ijumaa usiku, baada ya Isha."

Faiza alimkumbatia kwa furaha, hata akasahau kumgombeza. Akamwandikia meneja ujumbe kwamba atafika, inshallah.

Kesho yake, Alkhamisi, Magharibi ilipoingia, bibi yao aliita, "Mwatima!"

"Abee, bibi."

"Katawadhe. Leo usiku wa Ijumaa, tumsomee babu yako Yasini."

Mwatima aliganda. Kumbe usiku wa Ijumaa ndio huu, unaotangulia mchana wake! Ijumaa usiku ni kesho. Tangu mdogo aliyasikia maneno hayo, na bado aliyachanganya.

Faiza alikuwa chumbani anapiga pasi nguo za kesho. Isha bado, na Kiponda si mbali. Mwatima alifika mlangoni, akafungua mdomo, akaufunga. Akisema, ataulizwa kwa nini aliishika simu. Akajidanganya kwamba huenda meneja naye kakusudia kesho.

Ijumaa Faiza alitoka amependeza. Hakukawia kurudi. Alikaa kwenye ngazi, akalia bila hata kujifunika uso.

"Walinngoja jana," alisema. "Nafasi kapewa mwengine. Meneja kanambia, Mzanzibari gani hajui usiku wa Ijumaa?"

Moyo wa Mwatima ulipasuka. Akaeleza yote.

"Ulijua lini kama umekosea?" aliuliza Faiza.

"Jana, Magharibi."

"Kabla ya Isha?"

"Kabla ya Isha, dada."

Faiza hakumpiga wala hakumtukana. Aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mwatima angependa apigwe kuliko kufungiwa mlango.

Asubuhi bibi, aliyesikia yote, alimshika Mwatima mkono mpaka ofisini Kiponda. Mwatima alimwamkia meneja, akasema kosa lake mwenyewe. Bwana Msabah alisikiliza, akashusha pumzi.

"Aliyepewa keshaanza kazi, naye hana kosa. Siwezi kumtoa. Lakini sasa najua dada yako si mzembe. Msimu ujao nafasi ni yake."

Msimu ujao ulikuwa mwakani. Wenzake Faiza wangehitimu, yeye angebaki kuwapigia makofi.

"Kukosea neno si dhambi," bibi alisema walipokuwa wakirudi. "Kilichomponza dada yako ni ule muda baina ya Magharibi na Isha. Uliujua ukweli, ukaogopa kugombezwa. Ukweli, mjukuu wangu, useme wakati bado unamfaa mtu."

"Lakini leo nimeusema, bibi."

"Umeusema, na Mungu akulipe kheri. Ila umechelewa, na anayeumia ni mwenzio."

Mwatima alilia njia nzima, na bibi hakumnyamazisha.